Mtetemo Uliotufuata Bin Mahmoud

Tulihama Al Thumama, hapa Doha, kwa sababu yangu. Mke wangu aliipenda nyumba ile. Ilikuwa chumba kimoja kikubwa na jiko dogo ndani ya jumba lililogawanywa kwa wapangaji wanne, na mwenye nyumba alikuwa ametukubalia kupanda sukumawiki kando ya ukuta. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba jumba lile linatetemeka. Uwanja wa ndege haukuwa mbali, na barabara ya nyuma ilikuwa ikichimbwa mchana kutwa. Ushahidi gani zaidi ungehitajika?

Nilikuwa nikiuhisi mtetemo ule kila nilipolala chali na kutulia. Ulianzia chini ya mbavu, ukapanda kifuani na kushuka mapajani, mwembamba na wa kasi, kama simu iliyozimwa sauti inapoitwa ndani ya begi. Haukuuma. Ulikuwepo tu.

"Huhisi?" nilimuuliza mke wangu mara ya kwanza.

"Nini?"

"Kitanda. Kinatetemeka."

Alilala chali akasikiliza kwa mgongo. "Mimi sihisi kitu. Labda ni AC."

Nikaizima AC, na ulikuwa mwezi wa nane. Baada ya muda mfupi shuka zilikuwa zimelowa jasho, na kile kitu bado kilikuwa kinanguruma ndani yangu. "Umeridhika sasa?" akasema. "Haya, washa kabla hatujaiva."

Siku nyingine alirudi kutoka kazini, katika shule ya chekechea, akanikuta nimechuchumaa mbele ya sufuria ya maji niliyoiweka sakafuni.

"Baba, hayo maji ni ya nini?"

"Napima nyumba. Ikitikisika, maji yataonyesha."

Alivua viatu, akachuchumaa upande wa pili. Tukangoja ndege. Ikapita moja, kubwa, madirisha yakalia, na maji yakabaki yametulia kama yalivyokuwa. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilisema ndege hiyo ilipita juu mno. Ukishaamua jambo, hata maji hayakubadilishi mawazo.

Basi tukahamia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya nne, kwenye jengo la zege zito ambalo niliamini haliwezi kutikiswa na chochote. Chini kulikuwa na duka la dawa, kinyozi, fundi wa nguo na mkahawa wa Wahindi wa Kerala. Ijumaa ya kwanza, maana huku ibada ni Ijumaa, tulipotoka kanisani nilijilaza juu ya godoro, mke wangu akiwa anapanga sahani kabatini. Hakuna ndege iliyokuwa ikipita, wala barabara iliyokuwa ikichimbwa. Nikafumba macho. Kikaanza kile kitu, chini ya mbavu, kile kile.

Mke wangu aligeuka akauona uso wangu.

"Imeanza tena?"

"Imeanza."

Aliweka sahani chini, akaja akakaa kando yangu. "Basi si nyumba."

"Si nyumba."

Aliweka kiganja chake kifuani mwangu, kisha akanigeuza, akakiweka mgongoni. Akakiacha hapo muda mrefu. "Sihisi kitu, Baba," akasema kwa upole. Najua alitaka kunifariji, lakini sijawahi kujihisi mbali naye kama dakika ile. Mkono wake ulikuwa juu ya ngozi yangu, na yeye hakuwepo mahali nilipokuwa.

Kazi yangu ni kupamba keki. Karakana yetu iko Abu Hamour, na humo tunatengeneza keki za harusi, za kuhitimu, za watoto wachanga. Mimi ndiye ninayechora maua ya krimu na kuandika majina, hata kwa Kiarabu, ambacho nilijifunza kukichora kabla ya kujua kukisoma. Ajabu ni kwamba mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilikuwa nikivuta mstari wa krimu kuzunguka keki nzima bila kuchepuka, huku ndani yangu mashine imewashwa. Nilipomweleza mkuu wetu wa jikoni, Mmisri mmoja mpole, aliuinamia mstari wangu akautazama.

"Unatetemeka wapi, habibi? Hebu tazama kazi hii."

"Ndani," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyomwitikia mtoto aliyeota.

Daktari wa kwanza niliyemwona aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi haikucheza. Akapima sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo. Yote yalirudi mazuri.

"Una watoto?" akaniuliza.

"Wawili. Wako Nakuru kwa bibi yao."

"Unaona," akasema, akafunga faili. "Ni wasiwasi. Punguza mawazo, punguza chai."

Nilimkubalia, maana watoto kweli nilikuwa nikiwakumbuka. Nikaacha karak, ile chai nzito ya maziwa ambayo Doha nzima huinywa kwa vikombe vya karatasi. Nikaanza kutembea jioni. Kanisani kikundi cha maombi kiliniweka katikati, wakaniwekea mikono, na wakati wote wa maombi sikuhisi kitu. Nilitoka nikishukuru kwa sauti. Nilipokaa kwenye kiti cha basi na mwili ukatulia, kikarudi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba nikisimama au nikitembea sikuwa nikikihisi sana. Kilipenda utulivu wangu. Yaani pale ambapo mtu hupumzika ndipo mimi nilipochoka.

Miezi ikapita, na mambo mengine yakajiunga. Usiku misuli ya miguu ilikaza hadi nikasimama wima. Midomo ilinichonyota, kama nimelamba pilipili. Kope la jicho la kushoto likaanza kucheza. Mama alipoliona kwenye simu ya video, akataka kujua jambo moja tu.

"Ni kope la juu au la chini?"

"La juu, Mama."

"Ah, la juu ni heri. Utaona mgeni."

Mke wangu, aliyekaa nyuma ya simu mahali ambapo Mama hakumwona, hakutabasamu. Siku hizo alikuwa ameanza kunitazama kwa njia ambayo sikuielewa, na mara mbili nilimkuta kwenye simu, akakata nilipoingia.

Kilichonirudisha hospitali ni vidole. Nilikuwa nikiandika jina la bibi harusi, na vidole vyangu vya mkono wa kulia vikajikunja juu ya mfuko wa krimu vikakataa kufunguka. Krimu ikamwagika juu ya jina. Mkuu wa jikoni alikuja, akavifungua kimoja kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Safari hii hakuniita habibi.

"Nenda," akasema. "Leo. Keki nitaimaliza mimi."

Mke wangu aliomba ruhusa kazini akanisindikiza. Daktari tuliyempata alikuwa mwanamke wa Kisudani, si kijana, anayeongea polepole kwa Kiingereza kilichonyooka. Muuguzi alinifunga mkanda wa kupima presha mkononi huku daktari akisoma majibu yangu ya zamani. Mashine ilisumbua. Ilivimba, ikabana, ikakataa kusoma, ikavimba tena. Nilikuwa naanza kuhisi ganzi, na ndipo mkono wangu ukafanya jambo ambalo sikuuamuru. Kidole gumba kikaingia kiganjani, vidole vingine vikanyooka vikasongamana, kifundo kikajikunja, mkono mzima ukawa kama kichwa cha ndege anayedonoa.

"Yesu wangu," mke wangu akasema.

Muuguzi akakimbilia kuulegeza mkanda, lakini daktari alikuwa ameshainua macho. "Ngoja kidogo," akasema. Akaja akauangalia mkono bila haraka, akaugusa, kisha akaitoa hewa ya mkanda yeye mwenyewe. Vidole vikalegea taratibu.

"Kumekuwa na kuchonyota mdomoni?"

"Ndiyo." Sikuwa nimemwambia.

"Misuli kukaza?"

"Ndiyo, miguu."

"Unatumia dawa gani?"

"Hakuna."

"Na ile ya asidi?" mke wangu akauliza.

"Ile si dawa," nikamwambia.

Daktari akavuta kiti akakaa karibu nasi. "Ipi hiyo ya asidi?"

Nikamweleza. Ni kapsuli ninayomeza kila asubuhi kabla ya chai. Kazi yangu ni kuonja krimu na sukari kutwa, na tangu nifike Doha kiungulia hakikuniacha. Mtu fulani wa jikoni alinionyesha kapsuli hizo, nikazinunua dukani, kifua kikapoa, nikaendelea. Miaka ilikuwa imepita. Sikuwahi kuzitaja kwa daktari yeyote kwa sababu hakuna anayetaja mswaki wake.

"Ukiacha je?"

"Kifua kinawaka moto."

Aliandika vipimo vingine. Majibu yalipokuja, alitupigia simu yeye mwenyewe na kutuambia twende hospitali kubwa siku ile ile, tusingoje kesho. Madini ya magnesiamu katika damu yangu yalikuwa yamekaribia kwisha, na kalsiamu nayo ilikuwa imeshuka kuifuata. Hospitali walinibandika nyaya kifuani kuutazama moyo, maana hata moyo hutegemea madini hayo, kisha wakanitundikia dripu.

Yule daktari alipita kunitazama wodini, nami nikamuuliza ilikuwaje.

"Dawa yako inazuia asidi," akasema. "Lakini kwa watu wachache, ikimezwa miaka mingi, inazuia pia utumbo kuvuta magnesiamu. Mishipa ya fahamu ikiikosa hiyo, haitulii. Inajiwasha yenyewe. Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiihisi."

"Mbona vipimo vya kwanza havikuonyesha?"

"Hicho hakimo katika vipimo vya kawaida. Mpaka mtu akiombe." Akatengeneza bomba la dripu, ingawa halikuwa na kasoro. "Wengi wanaimeza dawa hii bila tatizo. Wewe hukubahatika, basi."

Alipoondoka nilibaki nikitazama matone. Sikuwa na furaha ya kupiga kelele. Nilichohisi zaidi ni kwamba nimeaminiwa. Kitu kile kilikuwa na jina, na kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa kando ya kitanda. Nilidhani amesinzia, kumbe analia.

"Unalia nini na wamepata?"

"Nilimpigia kaka yako," akasema.

"Kumwambia nini?"

"Mara mbili. Nilimuuliza kama katika ukoo wenu kuna mtu aliyewahi kurukwa na akili."

Sasa nikazielewa zile simu. "Akasema nini?"

Akafuta pua. "Akasema, wote."

Tulicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kipakistani ambaye hakuelewa neno hata moja, naye akacheka.

Kupona hakukuja kwa mpigo. Kapsuli nilizoachishwa zililipiza kisasi. Kwa majuma kadhaa kiungulia kilikuwa kikali kuliko mwanzo, hata nikatamani kuzirudia. Nilipewa dawa ya aina nyingine, na vidonge vya magnesiamu ambavyo vilinikimbiza chooni. Tukaanza kula chakula cha jioni mapema, kabla ya magharibi. Mke wangu alinishonea mto wa kuinua kifua, kwa msaada wa fundi wa chini. Kazini nikajifunza kuonja krimu na kuitema, jambo ambalo mkuu wa jikoni alilitazama kwa huzuni.

Mtetemo ukapungua. Kwanza ukaacha mapaja, halafu ukawa unakuja siku moja na kukosa siku mbili. Siwezi kusema uliisha lini. Ninachokumbuka ni Ijumaa moja nilipoamka kwenye kochi nikasikia adhana ya magharibi, na kwa muda sikujua niko wapi wala nililala saa ngapi. Nilikuwa nimelala tu, bila kujisikiliza kwanza.

Habari hizi zilienea kanisani, kama zinavyoenea. Siku moja dada mmoja wa Kiganda anayefanya kazi za nyumbani alinisubiri nje ya lango baada ya ibada, akanivuta kando.

"Kaka, nasikia na wewe uliwahi kutetemeka ndani."

"Niliwahi."

"Mimi nikilala ni kama jirani amewasha jenereta. Nawaambia watu, wananiangalia hivi." Akaonyesha walivyokuwa wakimwangalia, na nilimjua kila mmoja wao.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama anameza dawa za asidi. Akasema hajawahi kuziona. Nami nilikuwa nimejiandaa kumtibu pale pale langoni. "Basi sijui una nini," nikasema. "Langu nililijua kwa sababu mtu alikaa akaniuliza. Nenda upimwe. Na kila unachomeza, hata kile unachodhani si dawa, kitaje."

Siku ya mapumziko ya dada huyo, mke wangu alimsindikiza kwa yule daktari wetu wa Kisudani. Shida yake ilikuwa tezi ya shingo, inayofanya kazi kupita kiasi. Vidonge vyake ni vidogo na vyeupe, na mama wa nyumba anayofanyia kazi ndiye anayemkumbusha kuvimeza, asubuhi, kabla watoto hawajaamka.