Siku Maji ya Rejeta Yalipotafutiwa Mwizi

Nakumbuka siku moja ya kipupwe, mwanangu, nilipoitwa mwizi nikiwa bado na hina miguuni. Sikuitwa mwizi wa kuku wala wa fedha. Niliitwa mwizi wa maji, tena maji ya gari. Unacheka? Cheka tu, hata mimi leo hucheka. Siku ile nilishindwa hata kuapa.

Nilikuwa nimeolewa Mkunya, huku juu Newala, nikitokea Nanganga kule chini. Nyinyi mnaofungua bomba mkaacha maji yatiririke huku mkichezea simu, hamwezi kujua maji yalikuwa nini kwetu. Mvua tuliivuna kwenye paa ikaingia kisimani, kisima kikafungwa kwa kufuli, na ufunguo aliuvaa mama mkwe shingoni. Mvua zikishakatika, kila mtu alipimiwa ndoo yake ya kuogea, na ukiimaliza umeimaliza. Kisima kikikauka, ni kuteremka bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, kazi ya asubuhi nzima. Kwa hiyo mwizi wa maji alionekana mbaya kuliko mwizi wa mbuzi.

Mume wangu Hamisi alikuwa na pikapu kuukuu aliyoachiwa na mjomba wake. Alipakia muhogo, korosho na watu, akishuka Masasi na kupanda. Aliipenda pikapu ile. Sisemi aliipenda kuliko mimi, lakini mimi sikuwahi kupanguswa kwa kitambaa kila jioni.

Basi pikapu ikaanza kupungukiwa maji. Jioni Hamisi anajaza rejeta mpaka shingoni, asubuhi akifungua kifuniko anakuta yameshuka. Tena hakuwa mjinga wa magari. Alipapasa mipira ya maji yote, akakuta mikavu. Alilala chali akaitazama pampu, kavu. Rejeta yenyewe haikuwa na hata doa la unyevu. Chini yake kuna koki ndogo ya kumwagia maji, nayo akaikaza kwa koleo. Kulipokucha, maji yamepungua tena. Hapo ndipo akili ya Hamisi ilipotoka kwenye gari ikahamia kwa watu. Maji hayavuji, alijiambia, na maji hayana miguu, basi yupo mtu anayefungua koki.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na kuku mweupe pale nyumbani nilikuwa mimi. Wifi yangu Fatu, dada yake Hamisi, alikuwa amenikuta nyuma ya nyumba asubuhi nikifua kanga, na kisima kimefungwa. Yalikuwa maji yangu ya kuoga. Nilijinyima, nikajipangusa mwili kwa kitambaa, ili nipate ya kufulia. Fatu hakuniuliza. Alikwenda kumwambia kaka yake kwamba mtu wa bondeni amezoea mto, hawezi kuishi kwa ndoo moja. Hamisi naye hakuniuliza. Alisimama uani, majirani wanasikia, akasema, "Nimeshamjua anayeimalizia gari yangu maji. Namlisha mwenyewe."

Ningeweza kumjibu kwamba maji ya rejeta yana kutu, ukifulia kanga itatoka kama imegaragazwa kwenye udongo. Jibu hilo lilinijia baadaye sana, kama ilivyo desturi ya majibu mazuri. Pale uani nilisimama tu na ufagio mkononi.

Maneno yale yalifika stendi ya Newala kabla yangu. Wasafiri wakawa wanaulizana kama ni kweli mke wa Hamisi anakunywa rejeta. Kisha mjomba wangu Bakari akaitwa kutoka Nanganga. Kwa desturi yetu, mwanangu, mjomba ndiye mwenye mwali. Akiitwa baada ya shutuma kama ile, huja kusikiliza shauri, na mara nyingi huondoka na mtu wake. Nikirudi nyumbani na jina la wizi, nani angenioa tena? Na wadogo zangu wa kike nani angewaposa? Niliogopa, nakwambia wazi. Nilifunga nguo zangu furushi nikaliweka nyuma ya mlango, nikangoja.

Hamisi mwenyewe ndiye aliyemfuata mjomba kwa pikapu, Alhamisi alasiri. Heshima hiyo aliifanya. Mjomba alipokea shikamoo zetu, akanywa maji kidogo sana kwa kuwa alijua yuko wapi, akamsikiliza Hamisi mpaka mwisho.

"Mkwe wangu, ulimwona?" akamuuliza.

"Sikumwona, mjomba. Lakini maji hayaendi yenyewe."

"Mimi nimekuja kusikiliza," mjomba akasema. "Bado sijasikia kitu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini muda wote ule. Alikuwa mwanamke mfupi, mchoyo wa maneno kama alivyokuwa mchoyo wa maji, nami nilimdhania adui. Aliinuka akaingia jikoni, akatoka na ungo wa majivu. Akayamwaga chini ya pikapu na kuizunguka, mapana ambayo mtu hawezi kuyaruka, akayasawazisha kwa ufagio hadi yakawa laini. Hamisi akajaza rejeta mbele yetu, mjomba akatia kidole kuhakikisha imejaa.

"Majivu hayana wifi wala shemeji," mama mkwe akasema. "Atakayepita tutamwona. Likidondoka tone tutaliona." Kisha akanigeukia. "Wewe mwali, leo utalala chumbani kwangu."

Sikupata usingizi, lakini hilo si la kusimulia.

Asubuhi ukungu ulikuwa umetanda na baridi inauma vidole. Tulisimama wote kulizunguka gari, na jirani yetu mmoja mzee alikuwa amekuja pia, maana shauri la watu halikosi mtazamaji. Majivu yalikuwa makavu na laini kama yalivyoachwa, isipokuwa nyayo za kuku aliyekatiza. Hamisi akafungua kifuniko, akatia kidole. Kidole hakikugusa maji.

Nilitaka kulia kwa furaha. Sikuwahi. Yule jirani alikohoa akasema, "Mwizi huacha nyayo. Anayechukua bila nyayo si mwizi. Hilo ni jambo lingine, nanyi mnalijua."

Hakulitaja, na hakuna aliyemwomba alitaje. Lakini niliona Hamisi ananitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya mtu anayeogopa. Jana alikuwa na hasira, na hasira ningeivumilia. Mwizi hurudishwa kwao. Anayeitwa lile jina jingine, mwanangu, hata kwao hapokelewi. Nilishika ubavu wa pikapu. Fatu naye akarudi nyuma kidogo, mbali na mimi.

"Jirani," mama mkwe akasema, "neno hilo limeze hapo hapo lilipo."

Kisha akamgeukia mwanawe, na hakupaza sauti. "Hamisi, tangu mwanzo unauliza nani. Nani kachukua, nani kafungua, nani kaonekana na ndoo. Hujauliza hata mara moja yanakwenda wapi. Chini hayakwenda, majivu makavu. Kwa mtu hayakwenda, nyayo hakuna. Wewe ndiye dereva, niambie, yamebakiwa na njia gani?"

Hamisi aliinama akayatazama majivu. "Labda ndani ya injini, Mama. Lakini yakiingia ndani, ungetoka moshi mweupe."

"Hautoki?"

"Unatoka kila asubuhi, ila ule ni wa baridi. Kipupwe hiki hata sisi tunatoa moshi mdomoni."

Na kweli, alipokuwa akisema moshi ulikuwa unamtoka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Huku juu, magari yote hutoa moshi mweupe asubuhi za kipupwe, na hakuna anayeushangaa.

Mimi nilikuwa mwali mpya. Mwali mpya hasemi mbele ya wakwe mpaka aulizwe, na hakuna aliyeniuliza. Lakini nilimwona tena jirani akifungua kinywa, nikajua nisiposema mimi atasema yeye.

"Mama, naomba niseme," nikasema. "Wiki iliyopita tulipokwenda Masasi, gari ilikaa sokoni tangu asubuhi. Alipoiwasha ilikuwa adhuhuri. Moshi ulitoka huu huu, mweupe, mpaka muuza ndizi akatuuliza kama tunachoma magunia. Na Masasi kulikuwa na joto, jasho lilikuwa linanitiririka."

Hamisi alinitazama. Akataka kubisha, kisha nikaona amemkumbuka muuza ndizi.

"Basi tusubiri jua," mjomba akasema. "Asiiguse mtu mpaka adhuhuri."

Huko kusubiri ndiko kulikonizeesha. Niliambiwa nipike, nikatia chumvi mara mbili. Nilijua moshi usipotoka nimekwisha, maana nitakuwa nimeongeza uongo juu ya yote. Na mimi gari nilikuwa silijui. Nilijua tu nilichokiona.

Wanaume walikwenda kuswali Ijumaa wakarudi. Jua lilikuwa limekaa utosini na ukungu hakuna. Hamisi akapuliza pumzi, haikuonekana. Injini ilikuwa baridi, kwa hiyo aliacha kifuniko cha rejeta wazi, akaingia, akawasha.

Ilikohoa kama mtu aliyepaliwa. Kisha ukatoka moshi mweupe, mzito, ukaendelea kutoka. Mjomba akainama juu ya rejeta akaniita, "Njoo utazame, mwali." Maji machache yaliyobaki yalikuwa yanatoa mapovu kama sufuria ya maharage. Mjomba akaweka kiganja kwenye bati. "Baridi," akasema. "Baridi, na inachemka."

Hamisi akazima. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakipangusa, akakitumbukiza tena na kukichomoa. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akakaa chini pale pale kwenye majivu.

"Gasketi ya silinda hedi imeungua," akasema. "Maji yanaingia kwenye silinda. Inakunywa maji yake yenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mama mkwe alinitangulia kwa jicho, nami nikanyamaza. Jirani alikumbuka kwamba ana mbuzi wa kufunga.

Baadaye Hamisi alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Twende ndani tuzungumze." Mjomba alikuwa anatawadha. Akaniuliza bila kunitazama, "Mwali, unabaki au tunakwenda?"

Nikajibu, "Mjomba, sikuitwa mwizi chumbani."

Hamisi alielewa. Alisimama uani, akamwita jirani na mbuzi wake, akasema kwamba maji hayakuchukuliwa na mkewe, na kwamba amemsingizia. Alisema yote. Nikamwambia bado stendi. Pikapu ilikuwa haitembei tena, kwa hiyo kesho yake alikwenda Newala kwa miguu, na mama yake akamfungasha Fatu aende naye, kwa kuwa mdomo ulikuwa wa wawili. Mjomba alikataa kuondoka mpaka warudi.

Walirudi jioni na vumbi mpaka magotini. Hamisi akakaa karibu nami.

"Nimewaambia wote," akasema. "Wamenicheka sana."

"Mimi hawakunicheka," nikamjibu. "Mimi walinilaani."

Alijifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakawa yanatikisika. Nilimtazama muda mrefu. Kisha nikaingia ndani nikafungua furushi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Una gari lako kuukuu, nimesikia unalalamika linapungukiwa maji na kila siku unajaza tu. Usijaze tu. Tazama chini kama kuna unyevu, papasa mipira, chungulia zulia miguuni pa abiria kama limelowa. Kukiwa kukavu kote, liwashe jua likiwa kali utazame moshi, na kabla hujaliwasha, likiwa limepoa, fungua kifuniko uone kama maji yatatoa mapovu. Tazama na oili. Kifuniko hicho usikifungue injini ikiwa ya moto, nimeona mtu aliyeachwa na kovu uso mzima. Ukishajua, mpelekee fundi mapema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lakini sikukuita kwa ajili ya gari. Nimesikia pia dukani kwako kuna kitu kinapungua, na umeanza kumtazama yule binti uliyemwajiri, mgeni asiye na ndugu hapa. Umemwona? Kama hujamwona, funga mdomo kwanza uulize kitu kinakwenda wapi, kabla hujauliza nani. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ikiwa ulimi umeshajikwaa, usimwombe radhi uchochoroni. Nenda pale pale uliposemea, mbele ya masikio yale yale, hata kama watakucheka. Kicheko kitaisha. Mimi mpaka leo, miaka yote hii, na Hamisi ameshatangulia mbele ya haki, nikipita stendi na ndoo ya maji mkononi huwa naangalia nani ananitazama.

Mungu akupe subira ya kuchunguza, mwanangu, na ujasiri wa kukiri. Akulinde usimvunjie mtu jina lake, na jina lako alihifadhi midomoni mwa watu. Sasa ondoka, ukafungue duka. Yule binti anakungoja, naye hajui bado unamwazia nini.