Bakteria waliookoa vifaranga wa Rukia hapa Yamumbi, na mimi nilikuwa nawaosha na brashi

Wakuu, salamu kutoka Eldoret, penye maji ya bomba asubuhi yanauma meno. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda. Leo naleta yangu, na yote nimeyaona na macho yangu, sijaongeza chumvi.

Mimi ni lab technician kwa shule moja ya sekondari. Nyumbani Yamumbi nafuga samaki na rafiki yangu Rukia. Watu wake ni Wasomali wenye duka la nguo mjini, na mpaka leo hawaelewi mbona aliacha nguo akafuata tilapia.

Kazi tumegawana. Yeye analea samaki ndani ya greenhouse, kwa sababu baridi ya huku nje haiwezekani. Mimi nalea chakula ya vifaranga, yaani watoto wa samaki.

Hiyo chakula ni algae, ule ukijani mnaona kwa dam. Ukiulea kwa tanki, maji yanakuwa kama supu ya mboga, na kifaranga mwenye mdomo mdogo wa kushindwa na pellet ya dukani anakula humo siku nzima.

Mara ya kwanza tulichota tu maji ya dam ya jirani, tukatia samadi kidogo, jua likafanya yake. Vifaranga wakanona.

Hapo ndio kichwa kikanivimba.

Mjue nimelelewa wapi kwanza. Mimi ni wa Soy, boma ya ng'ombe wa maziwa. Kwetu mkebe wa maziwa unasuguliwa, unamwagiwa maji moto, unaanikwa mpaka ung'are. Maziwa yako yakikataliwa kwa cooler ya kukusanyia maziwa sababu ya mkebe mchafu, hiyo aibu inakufuata mpaka kanisani. Sasa nikaangalia ule utelezi kwa kuta za tanki yetu, nikasema mtoto wa mama yangu hawezi kufanya kazi hivi.

Nikasugua. Nikatia klorini, nikangoja iishe. Nikachemsha maji. Nikatafuta algae safi kabisa ya lab, haina mdudu mwingine hata mmoja ndani, na mbolea ya dukani. Nilijiona professional kweli kweli.

Ikakuwa kijani kidogo, ikapauka, ikakufa. Nikaosha tanki zaidi, nikaanza upya. Ikakufa tena.

Kumbuka vifaranga wanangoja kula. Tukawapa pellet ya kusaga, ikaoza majini, wakafa karibu wote. Rukia akabaki na kikundi kipya kimeanguliwa tu, bado wanaishi na kiini cha yai tumboni. Akaniambia bila hasira, na hiyo ndio iliniuma, "Dada, hawa wakienda, mimi narudi dukani. Siwezi kuzika samaki kila saa nikiambia watu ni biashara."

Nikazunguka nyuma ya greenhouse kununa peke yangu, nikakuta ndoo. Ilikuwa na mabaki ya ile batch ya kwanza ya maji ya dam, tulisahau kumwaga. Chafu, ina utelezi, majani yameanguka ndani. Na kijani ya kupendeza.

Nikapeleka tone lake kwa microscope ya shule, pamoja na tone la tanki yangu safi.

Wakuu, nilikaa hapo mpaka chai ikapoa. Ya tanki: algae wachache, wamepauka, kila mtu kivyake. Ya ndoo: algae wamenona, na wamezungukwa na vidoti vidogo vinatetemeka, vingine vimewashikilia kabisa. Bakteria.

Nikaanza kusoma. Kumbe kuna algae hawawezi kujitengenezea vitamini B12, bakteria ndio huwapatia. Bakteria wanakula uchafu, wanatoa hewa ya kaboni ambayo algae anaitaka, na algae anawarudishia sukari na oksijeni. Si bakteria wote wazuri, kuna wengine wanaua algae. Lakini boma ikiwa na wenyewe, mgeni mbaya anakosa pa kukaa. Viumbe hawana hata ubongo, na wanajua ujirani kuliko sisi wapangaji wa plot moja. Niliwaheshimu sana.

Nikamwaga ile ndoo ndani ya tanki. Baada ya siku kadhaa rangi ikaanza kushika, na utelezi ukarudi kwa kuta.

Halafu Mama akakuja kututembelea.

Niko jikoni, naskia brashi. Nikatoka nje, nikakuta Mama amekunja mikono ya sweta, sufuria ya maji moto iko kando, na sehemu ya ukuta wa tanki imeshang'aa. Akasema kwa upole, "Wageni wakikuja wataona nini?"

Rukia alikuwa amesimama kwa mlango wa greenhouse, anaangalia chakula ya samaki wake ikioshwa.

Kwetu mama hanyang'anywi kitu mkononi. Na nikianza mambo ya B12, ataona nimemdharau. Nikamuuliza tu, "Mama, sotet unaosha na sabuni?"

Kwa wenye si wa huku, sotet ni kibuyu cha kugandishia mursik, maziwa yetu ya lala. Kinasuguliwa ndani na makaa ya mti, sabuni haiguzi.

Akaniangalia kama nimetukana. "Sabuni kwa sotet? Sasa mursik itakuja aje?"

"Hata hii ni hivyo, Mama."

Akaangalia tanki. Akaangalia brashi. Akabeba sufuria yake pole pole, akaenda kuosha vyombo.

Na huyo ndiye mama wa mikebe ya kung'ara. Mkebe na sotet vimekaa jikoni moja tangu nizaliwe, mimi na lab yangu sikuwahi kuviunganisha.

Maji yalipokolea, Rukia alichota mwenyewe akawamwagia vifaranga. Wakapanda juu wote, midomo inafanya kazi. Alichutama hapo muda mrefu. Kisha akapigia mama yake simu, wakaongea Kisomali. Alipomaliza akafuta mikono, akaniambia, "Nimewaambia watafute mtu mwingine wa duka."

Nililia kidogo, sitadanganya.

Funzo langu ni moja: kabla usafishe mahali, uliza kwanza nani anaishi hapo.

Wenye mnafuga samaki ama mnalea algae, nyinyi tanki mnaosha aje? Na kama kuna mtu humu anajua majina ya hawa bakteria, aniandikie hapa chini. Nataka kuwajua kwa majina.