Siku Gari Lilipofika Kimya

Jumamosi ya kwanza ya Juni mwaka huu, asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika gereji moja ya Mbeya, koti limefungwa hadi kidevuni, nikimsubiri fundi anieleze injini ya gari langu ipangwe vipi. Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Iringa, ninakofundisha chuoni. Mbeya ndiko waliko mume wangu na binti yetu, na ndiko alikokuwa akiishi baba mkwe wangu tangu mama mkwe alipofariki.

Gari lenyewe ni la Kijapani, lenye turbo. Nililinunua kwa kijana wa Dar es Salaam aliyekuwa ameongeza presha ya turbo, akaweka ekzosi pana na valvu inayotoa hewa nje kwa mlio wa kupuliza kila nibadilishapo gia. Nililipenda kwa sababu hewa nyepesi ya nyanda hizi za juu haikulichosha. Magari mengine yakihema, lenyewe linapanda. Hata hivyo, miezi ya karibuni nilipofika kwenye mlima wa Inyala nikiwa nimekanyaga mafuta, injini ilianza kugonga, mlio mkavu kama changarawe ndani ya kopo.

Wa kwanza kuusema ugonjwa huo hakuwa fundi. Ni baba mkwe, na aliusema kupitia ukuta.

Ukweni kwangu ni Rungwe. Kwa desturi yao mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, halitaji jina lake, wala hakai naye chumba kimoja. Kanisa limelegeza mengi, na wapo wakwe wanaokula meza moja. Yeye alibaki na desturi yake, bila ukali, kama mtu anayebaki na kofia yake. Alipokubali kuhamia kwetu aliomba jambo moja tu kwa mwanawe: asije akakutana nami uso kwa uso. Nami niliyezaliwa Iringa, kwenye desturi nyingine, niliahidi. Niliona ni ahadi nyepesi kwa mtu mwenye elimu na nyumba yenye milango mingi.

Alikuwa dereva wa malori mstaafu, na Ijumaa ile usiku, mimi nikiwa jikoni na yeye chumbani kwake, alimwita binti yetu.

"Mke wangu!" Ndivyo anavyomwita, kwa utani wa babu na mjukuu. "Mwambie mama yako gari linagonga. Limesikika tangu kule kona ya kanisa."

"Mume wangu nawe, si umwambie mwenyewe? Yuko hapa anakusikia."

"Nikimwambia mwenyewe, wewe nitakuoa kwa kazi gani?"

Binti akacheka, akanigeukia na kurudia neno kwa neno, kana kwamba ukuta ule ulikuwa mlima. Nikamjibu kwa njia hiyohiyo: mwambie babu nitalipeleka gereji kesho.

Fundi alikuwa amechomeka kompyuta yake chini ya usukani. "Mama," alisema, "hii programu iliandikwa kwa petroli kali kuliko hii ya pampu zetu. Cheche inawaka mapema, presha iko juu, mafuta yanalipuka kabla ya wakati. Ukiendelea hivi, pistoni itatoboka."

Akanipa njia tatu. Ya kwanza, kuacha kila kitu kilivyo na kumimina dawa ya kuimarisha petroli kila nijazapo tangi, nikikumbuka. Ya pili, kubaki na nguvu zote lakini kufunga kifaa cha kunyunyiza maji ili kupoza hewa iingiayo kwenye injini, na kukiangalia daima kisikauke. Ya tatu, kushusha presha, kuchelewesha cheche, kurudisha valvu ya kiwandani inayorejesha hewa ndani ili kompyuta ihesabu mafuta sawasawa, na kurudisha ekzosi ya kawaida.

"Hiyo ya tatu utapoteza nguvu kidogo," alisema, "lakini utaweka petroli ya kituo chochote na utalala usingizi. Ila litakuwa kimya kama gari la mchungaji, mama. Hata mbwa hatageuka."

Nilimpigia mume wangu aliyekuwa kazini. "Mwalimu, gari ni lako," alisema. "Mimi nikichagua utaniambia nimechagua kama kijana."

Nilichagua ya tatu. Sababu zilikuwa nzuri na bado naziona nzuri. Lakini nisifiche kwamba lile neno la fundi kuhusu ukimya lilinivutia kuliko yote. Nilikuwa nimechoka kugeuziwa shingo na wanafunzi wangu kila niingiapo chuoni kwa kishindo.

Mchana tulilijaribu kwenye mlima wa barabara ya Chunya. Lilipanda taratibu, bila kugonga hata mara moja. Nikashukuru, nikaelekea nyumbani nikiwa nimeshusha kioo, nafurahia kutosikia chochote.

Geti lilikuwa wazi. Niliegesha kando ya nyumba, nikazunguka kona kuelekea barazani, na pale, kwenye jua hafifu la alasiri, alikuwa ameketi baba mkwe. Alikuwa amevaa fulana ya ndani, suruali imekunjwa hadi magotini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona uso wake, nami nikaona kwamba macho ya mume wangu yalitoka pale.

Hakuweza kuinuka haraka. Alinyakua taulo, akajifunika uso. Hapo ningeweza kugeuka na kuondoka, pengine jambo lingeishia hapo. Lakini malezi yangu hayajui kumpita mzee kimya. Nilipiga goti palepale, mbele ya beseni, nikasema, "Shikamoo, baba."

Taulo halikusogea. Maji tu ndiyo yaliyotikisika. Ndipo nikainuka na kukimbilia mlango wa nyuma.

Jikoni binti yetu alinitazama kama mtu aliyeona ajali. "Mama, umepitia wapi? Hatukusikia gari!"

"Limetengenezwa."

"Lakini babu huondoka barazani akilisikia kwenye kona ya kanisa. Siku zote. Hukujua?"

Sikujua. Niliamini kwamba tumeishi kwa amani kwa sababu ya uangalifu wangu. Kumbe kila mara yeye ndiye aliyeinuka, akakusanya fimbo yake na redio yake, akanipisha kabla sijafika getini. Niliuliza kuhusu joto, presha, petroli na maisha ya pistoni. Sikumuuliza mtu wa nyumbani mwangu hata swali moja kuhusu ule mlio.

Jioni ile hakuzungumza kupitia ukuta. Jumapili hakwenda ibadani. Jumatatu, nilipokuwa nimesharudi Iringa, mume wangu alinipigia kusema kwamba baba ameomba apelekwe kwa wifi yangu huko Chunya.

"Amenikasirikia?" niliuliza.

"Hapana. Anasema kosa ni lake. Anasema amemwaibisha mke wa mwanawe kwa kukaa uchi mbele yake."

"Hakuwa uchi!"

"Kwake yeye alikuwa uchi."

Afadhali angenilaumu. Lawama ningeijibu.

Nilipokuja tena Mbeya baraza lilikuwa limefagiliwa na hakuna aliyelikalia. Injini ilikuwa imepanda Inyala vizuri kuliko wakati wowote tangu nilinunue gari. Nilimwuliza fundi kama anaweza kurudisha valvu ile ya kelele. Alisema inawezekana, ila hesabu ya mafuta itaharibika tena. Nikamwambia aache. Mtu aliyeihitaji alikuwa ameshaondoka.

Wiki kadhaa baadaye, baada ya wifi kunihakikishia kwamba desturi haikatazi maandishi, nilituma barua hii kwa basi la Chunya:

"Baba,

Naandika kwa sababu sina njia nyingine ya kukufikia, na ya kwanza niliyoitumia ilikuwa mbaya. Hukuniaibisha. Mimi ndiye niliyeingia bila taarifa, na nilipokuona nikazidisha kwa salamu. Nilitaka kukuheshimu kwa namna ya kwetu, nikakuvunjia heshima kwa namna ya kwenu.

Gari haligongi tena. Nimelichagulia presha ndogo na petroli ya kawaida, nadhani ungekubali. Tangu sasa nikifika Uyole, kabla sijaingia mjini, nitasimama na kumpigia simu mjukuu wako, na sitaingia getini mpaka yeye atoke nje kunipokea. Nimelisema hili mbele ya mwanao. Ukirudi, nitalishika. Usiporudi, nitalishika vilevile.

Wifi anasema vumbi la huko linakusumbua kifua. Koti lako zito limebaki nyuma ya mlango wa chumba chako. Binti anataka kulituma, nami nimemwambia asubiri jibu lako, maana kwa joto la Chunya hutalihitaji, na huku baridi haijaisha."