Mwanangu Alimpa Chai Mtoto wa Kanada

Neno la kwanza alilowahi kusema mwanangu lilikuwa jina la mtoto aliyekuwa Kanada.

Mtoto ambaye, kwa alivyojua kila mtu aliyekuwa pale sebuleni, mwanangu hakuwa amewahi kucheza naye hata siku moja.

Tulieni niwaambie, maana nikikumbuka damu bado inanichemka.

Naitwa Nasimiyu. Nimetoka Bungoma, nikaolewa Riruta kwa watu wenye maneno mengi. Marehemu baba mkwe alikuwa akinadi ng'ombe mnadani, na wanasema sauti yake ilisikika hadi Dagoretti Corner bila spika. Kwa mila yao, mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya mume. Kwa hivyo mwanangu ni Kiragu. Nyanya yake, Cucu Wamucii, humwita "mzee wangu," na hatanii.

Sasa huyo mzee akafika miaka minne bila neno hata moja.

Masikio yalipimwa, yakawa sawa. Akitaka maji anakushika mkono, anakupeleka kwenye mtungi, anasimama. Daktari akasema usemi umechelewa, tumtafutie chekechea ya watoto kama yeye, na tusingoje.

Kwa wakwe zangu, kusikia "shule ya special" ilikuwa kama kusikia jela. Jina la mzee lipelekwe huko?

Wa kwanza kunijia juu alikuwa wifi yangu, Debra. Debra ni yule mtu anayeonja chakula chako kwa ncha ya uma. Anaishi Lavington, nyuma ya ukuta mrefu, na hata sisi ndugu tunapiga simu kwanza ndipo askari afungue geti. Tena tangu mwanawe, Dedan, aende Kanada kusomea kwa baba yake, hakuna aliyealikwa nyumbani kwake.

Alisema shida ni mimi. Ati nimemchanganya mtoto na Kibukusu, lugha ya kwetu. Ati kwao hakujawahi kuonekana kitu kama hicho.

Mume wangu, Wachira, alikuwa amekaa hapo hapo akichunguza soksi zake.

Nikaanza kutafuta shule.

Kwanza nilienda ile ya Lavington aliyoisifu Debra. Mkurugenzi ana lafudhi ya nchi ambayo sidhani amewahi kufika. Nikamuuliza mwalimu wa matamshi yuko wapi, nikaonyeshwa farasi.

Haki ya Mungu, farasi. Ati watoto wakimpanda wanapata confidence.

Kisha akamwinamia Kiragu, akamwambia aseme "good morning." Mtoto kimya. Akarudia, na kila akirudia anapandisha sauti, mpaka Kiragu akajificha nyuma ya sketi yangu. Nikaambiwa nyumbani tuongee Kizungu peke yake, kwa sababu hapo ndipo tatizo lilipo.

Ya pili ilikuwa karibu na Ngong Road. Mwalimu aliniambia nimwache tu akae na wenzake, kelele itamfungua mdomo. Kama kelele ingefungua mtu mdomo, Kiragu angekuwa wakili kufikia sasa, kwa vile amezaliwa katika ile familia.

Ya tatu ilikuwa Kabiria. Nyumba ya kawaida, yadi ndogo, geti la mbele na geti la nyuma. Mwalimu Nzula ni mwanamke mkali, amesomea kazi yake na hana muda wa kukubembeleza. Aliketi sakafuni, akatia biskuti ndani ya chupa ya plastiki, akakaza kifuniko, akampa Kiragu. Halafu akanyamaza.

Nilitaka kusaidia. Akanitupia jicho nikarudisha mkono.

Kiragu akahangaika na kifuniko, akashindwa. Akamrudishia chupa, akamtazama usoni, akatoa sauti: "Mm."

"Huyu anaongea, mama," Nzula akasema, akimfungulia. "Ni maneno tu hana."

Nilimwandikisha siku hiyo hiyo.

Pale kuna desturi moja. Saa ya uji hakuna mtoto anayejichukulia. Kila mmoja anapewa kikombe ampelekee rafiki, na lazima amwite kwanza, kwa sauti yoyote aliyo nayo. Nzula akaniambia Kiragu anampelekea mtoto mmoja tu, kila siku, na midomo imeanza kucheza. Nikamuuliza ni mtoto gani. Akasema yeye haongei habari za mtoto wa mtu. Wengine huletwa kwa geti la nyuma, gari la vioo vyeusi, na hiyo aibu ni ya wazazi wao, si yake.

Nilipotaja Kabiria kwa wakwe, Debra alibadilika.

Kwanza alikuwa anaringa tu. Sasa akawa mkali. Alimpigia mama yake simu asubuhi na jioni. Ati pale ni mahali pa wagonjwa. Ati watu wa kanisa watajua. Ati ameshaongea na yule mkurugenzi wa farasi, nafasi iko.

Cucu akaitisha kikao Jumapili baada ya ibada. Shauri lilikuwa moja: Kiragu atolewe Kabiria. Wachira alishaniambia mapema kwamba mama akiamua, yeye ameamua. Nilienda nikijua nitampoteza mtoto kwa farasi.

Chai ikamiminwa. Debra akahutubu. Alipomaliza, akatoa tableti yake, akaiegemeza kwenye chupa ya chai ili wote tuone. Ilikuwa picha ya Dedan amevaa koti kubwa, nyuma yake theluji.

"Muone mtoto akisomea mahali pa maana," akasema.

Cucu akajifuta macho.

Kiragu alikuwa chini ya meza na kigari chake. Akatoka. Akaitazama ile picha. Kisha akachukua kikombe cha nyanya yake kwa mikono miwili, polepole, bila kumwaga, akasimama mbele ya tableti na kuinyooshea chai.

"Dedi."

Nilidhani nimeota, mpaka akarudia, safari hii kama mtu aliyechoshwa na kucheleweshwa.

"Dedi. Uji."

Cucu akashika kifua. Mimi nilikuwa nalia, lakini macho yangu yalikuwa kwa Debra. Dedan alipoenda Kanada, Kiragu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hangeweza kumkumbuka. Na mtu unayemjua kwa picha tu humpelekei uji.

"Mama Dedan," nikamwambia, "hivi ndivyo mtoto wangu anampatia rafiki yake uji huko shule. Dedan anakunywa uji wapi?"

Akanyoosha mkono, akaizima tableti. Kisha akamgeukia mama yake.

"Haongei, Mum. Tulienda kwa baba yake, tukarudi. Ningewaambia nini?"



"Nimekuwa nikiombea huyo mtoto asishikwe na baridi," Cucu akasema. "Kumbe yuko hapa Lavington."

Natamani niwaambie nilimhurumia Debra. Nilimhurumia Dedan. Debra alimtafutia wake shule nzuri, hiyo hiyo ya Kabiria, akamfichia ndani, halafu akataka wangu afukuzwe humo humo ili siri isionekane. Wake afunzwe kuita rafiki, wangu apigiwe kelele za "good morning." Hiyo sijaisamehe, na wale mnaojiandaa kunihubiria kwenye comments, hifadhini.

Kikao kiliisha hapo. Cucu aliagiza Kiragu abaki Kabiria, akachukua mkoba wake, akasema apelekwe Lavington sasa hivi kumuona mjukuu. Wachira naye akakohoa, akasema tangu mwanzo yeye alikuwa upande wa Kabiria. Nilimtazama mpaka akarudi kwa soksi zake.

Funzo ni hili. Mtu akimwonea mtoto wako aibu kupita kiasi, angalia kwanza yeye amemficha nani. Na shule usiichague kwa urefu wa ukuta. Kaa chini utazame mtu anafanya nini mtoto wako akinyamaza.

Debra bado anatumia geti la nyuma. Hajajifunza kitu.

Lakini Kiragu amelijua lile gari. Kila asubuhi analisikia, ananiponyoka mkononi, anakatisha yadi mbio na kuita "Dedi!" kwa sauti ya babu yake, ile ya mnadani, mpaka wapangaji wa ghorofa ya jirani wanachungulia. Na Debra hana kifuniko cha kuifunikia.

Mimi bado hajaniita mama. Nimesimama pale getini na begi lake, nangoja zamu yangu.