Kalipa Mpya kwa Gari Isiyo Yangu

Jamani, Jumamosi nilijiaibisha hapa mtaani kwetu, Nyayo Highrise. Breki ya gari yangu ilikuwa inakwama, nikaamua kubadilisha mwenyewe kalipa, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu. Niliweka mawe nyuma ya magurudumu, nikainua gari na jeki, nikaiegemeza kwa stendi, kisha nikatoa gurudumu. Kila jirani aliyepita nilimfundisha: "Usiwahi kutegemea jeki peke yake!" Nilijiona profesa.

Kalipa ya zamani ilitoka ikiwa safi ajabu. Nilishangaa kidogo, lakini nikafunga ile mpya. Ikabaki kutoa hewa iliyoingia kwa mirija ya breki, nikamwita mke wangu, Achieng, aje akanyage pedali.

Alijaribu ufunguo kwa mlango wa gari. Ukakataa.

"Baba Ian," akasema polepole, "gari yetu ni ile nyeupe ingine, kando ya geti."

Kabla nijibu, jirani yetu Mama Brayo akashuka ngazi amevalia kwenda harusi, funguo za gari mkononi. Akaangalia gurudumu la gari yake limelala chini kando ya kalipa ya zamani, ile mpya iking'aa mahali pake, akaniangalia mimi, grisi hadi masikioni.

"Kwani wewe ni mwizi wa aina gani," akauliza, "unatoa ya zamani unaniwekea mpya?"