Mbaazi za Mlangoni Mombasa

Ule mwaka mahindi yalikosekana kwetu Ngoingwa, huko bara, tukala viazi vitamu mpaka watoto wakavikataa, binti yangu Wambui alipata kazi Mombasa. Nilienda naye kuchagua mtaa, kwa sababu mjukuu ningemlea mimi.

Mtaa wa kwanza ulikuwa safi, na nyumba tuliyoonyeshwa ilikuwa na upepo. Lakini asubuhi wanawake walitoka na mabakuli, wakanunua mbaazi na mahamri kwa mama mmoja aliyekaa mlangoni pa nyumba hiyo. Kwetu, mwanamke akinunua chakula cha asubuhi barabarani anasemwa hadi kanisani. Nikatangaza, "Siwezi kuishi na wanawake wasiowasha jiko asubuhi!"

"Mami, punguza sauti. Hii nyumba naitaka," Wambui akaniomba.

Tulizunguka siku nzima. Kwingine kote kulikuwa na joto la kuchemsha mtu, na kote watu walinunua mbaazi. Kesho yake nikarudi na njaa yangu, nikala sahani mbili kwa yule mama, nikalamba vidole. Nikamwambia nyumba tunaichukua, atuitie mwenyewe.

"Mwenyewe ni mimi, bibi," akasema, akifunga funguo kwenye pindo la leso. "Na wewe leo umewasha jiko?"

Wenye mabakuli wote walinigeukia.

"Basi pole. Siwezi kuishi na wanawake wasiowasha jiko asubuhi."