Macho Yamepona

Mshonaji wa mtaa wetu alizaliwa na weusi chini ya macho. Marehemu mama yake alikuwa nao, na bibi yake pia. Lakini mtaa huu hauna muda na habari za bibi za watu. Wao walishapata jibu lao: mumewe anampiga.

Mumewe ni kinyozi, mtu ambaye akimkanyaga kuku humwomba radhi. Wateja walimwita Mpole. Uvumi ulipoenea jina lilibaki, ila likawa la kuchekea, na wateja wenyewe wakaanza kupungua. Nani atampa shingo yake mtu anayempiga mkewe?

Basi mkewe akaanza kuhangaika. Akaweka vipande vya tango, akaweka majani ya chai yaliyopoa. Akapaka krimu ya kung'arisha, ikamchubua. Alipopaka poda ndiyo kwanza akachochea moto: "Mnaona? Leo anaficha!"

Mwisho akaenda kwa daktari wa ngozi. Daktari akamgeuza uso dirishani.

"Kwa wengine weusi huu ni rangi ya ngozi, na dawa ya kupaka au miale ya leza huwasaidia. Wewe, mama, hapa pana bonde, na unachokiona ni kivuli tu. Kivuli hakipauki. Tunalijaza bonde kwa sindano, ila damu inaweza kuvilia kwa muda."

"Achana nayo, mke wangu," Mpole alimsihi. "Mimi nimekuzoea hivyo hivyo."

"Wewe umenizoea. Wao je?"

Akachomwa. Damu ikavilia, macho yote mawili yakawa zambarau. Jirani wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haujui likizo, akampigia simu kaka wa mshonaji: "Lisemwalo lipo. Njoo ujionee."

Kaka akaja, wala hakusalimu. Kofi lake lilimwangusha Mpole juu ya kiti chake cha kunyolea.

"Kaka, ni sindano! Nimechomwa kwa daktari!"

"Wenzako husema wameanguka bafuni," kaka alijibu. "Wewe umetuletea sindano."

Nilikuwa mlangoni, na sijawahi kuuchukia mtaa huu kama siku ile. Kesho yake Mpole alifungasha mashine zake, akahamia mji mwingine mpaka maneno yapoe. Mkewe akabaki na cherehani, maana ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Maneno hayakupoa. Damu ilikauka, uvimbe ukashuka, na bonde likawa limejaa kama daktari alivyosema. Wanawake walikuja na vitambaa vyao, wakamshika kidevu: "Tazama ulivyotakata tangu aondoke! Ulikuwa ukimtetea nini?" Alieleza mpaka sauti ikamkauka. Kadiri alivyoeleza, ndivyo walivyomhurumia.

Jioni moja mumewe alipiga simu. Nilikuwa nimekaa pale nasubiri gauni langu, na mshonaji aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu, mikono ikiwa kwenye kitambaa.

"Macho vipi, mke wangu?"

"Yamepona. Rudi nyumbani."

"Yamepona nikiwa sipo," alisema. "Sasa nitarudije?"